Mguu Mweupe wa Khanyapa

Roma, karibu na Maseru, 4 Agosti 1994

Mjomba wangu Phakiso,

Nimefika salama. Basi lilikaa saa nne juu ya mlima likisubiri theluji ipungue njiani, na muda wote huo abiria walikuwa na mjadala mmoja tu: kama Khanyapa alishinda kwa mbio au kwa dawa. Mwanamke mmoja aliapa kwamba usiku wa kuamkia mashindano ulimlaza farasi jikoni na kumlisha mayai ya kuchemsha. Sikumwambia kwamba ni kweli, wala kwamba mgeni aliyetolewa jikoni ili farasi apate joto ni mimi.

Nakiri jambo moja. Nilikuja Lithakong na wazo nililolibeba kutoka maktaba, kwamba mbio za farasi ni namna ya wanaume kujionyesha, na farasi ni kioo tu. Nilikusudia kupiga picha za wenye farasi. Lakini pale ulipopokea hatamu kutoka kwa mpanda farasi wako, ukampanda Khanyapa mwenyewe na kupita mbele ya watu ukimtungia sifa, huku blanketi likipepea, sikuweza kusema ni nani anayemwonyesha mwenzake. Nilibonyeza kamera kabla sijafikiri. Huenda wazo langu lilikuwa zuri hadi lilipokutana na farasi.

Uliniagiza nisimame upande wa juu, penye ukuta wa zizi la mawe. Nilisimama chini, kando ya mto, kwa sababu jua lilikuwa nyuma yangu huko. Nisamehe kwa ukaidi. Mkanda bado sijausafisha. Naogopa kidogo kuona kilichomo.

Mwambie Mama Mathabang kwamba matunda yake ya kukausha, zile pichi, yaliisha kabla sijafika Maseru.

Mpwa wako,
Keneuoe

*

Ha Letlatsa, 29 Agosti 1994

Profesa wa kando ya mto,

Salamu kwanza, matusi baadaye.

Sote wazima. Khanyapa mzima kutushinda, ila amekuwa na kiburi. Tangu ashinde hataki maji ya mtoni, anataka ya kisimani, tena kwenye ndoo ya Mathabang, siyo ndoo nyingine. Mathabang anasema mimi nimeishi naye miaka thelathini na sijawahi kuletewa maji kwenye ndoo hiyo.

Sasa matusi. Nilikuambia usimame juu. Watu wote husimama juu, maana ukiwa juu farasi anapita kuelekea mkono wako wa kulia, mkono wa kulia chakula. Wewe ukashuka kusimama na wafua nguo, huko ambako farasi anaonekana anakimbilia mkono wa kushoto kama mwizi anayerudi kwao. Kusoma kote huko, na kusimama hujui.

Chifu amenikumbusha tena nimpige Khanyapa chapa ya moto pajani, kwa ajili ya wezi. Nimekataa. Yule alizaliwa mikononi mwangu kwenye theluji, nikampangusa kwa blanketi langu mwenyewe. Mtoto wa namna hiyo humchomi. Ana mguu wake mmoja mweupe, wa nyuma, wa kushoto, kana kwamba alikanyaga maziwa wakati anatoka. Hiyo ndiyo chapa yake, Mungu aliipiga bila moto. Nani mlimani huku asiyeijua?

Leta picha. Nimeshaondoa picha ya harusi ukutani ili kuipa nafasi, na Mathabang hajanisemesha tangu Jumanne.

Mjomba wako,
Phakiso Letlatsa

*

Roma, 20 Novemba 1994

Mjomba mpendwa,

Tafadhali rudisha picha ya harusi ukutani. Utahitaji nafasi kubwa zaidi kuliko ile.

Picha yako na Khanyapa niliipeleka kwenye shindano la picha za maisha ya milimani, na imeshinda. Waandaaji wameichapisha kwenye kalenda ya ukutani ya mwaka ujao: karatasi moja pana, wewe na farasi juu, miezi kumi na miwili chini yenu. Wanasambaza nakala elfu sita. Nakuletea tatu kwa mkono wa dereva wa basi.

Utajiona umegeuka kidogo kuielekea kamera, mdomo wazi katikati ya sifa, pini ya blanketi ikimetameta begani. Vumbi limeinuka hadi magotini mwa farasi, watu wa upande wa juu wamefichwa nyuma ya farasi, na mlima umebaki mtupu, kana kwamba watu wote wameondoka ili kuwapisha.

Nilikaa na picha hii katika chumba cha giza muda mrefu kuliko ilivyostahili. Humo ndani mpiga picha hufanya maamuzi madogo ambayo, yakishakauka, hayaonekani tena kuwa ni maamuzi. Nitakusimulia siku moja, ana kwa ana. Kwa sasa furahi nami tu.

Wako,
Keneuoe

*

Ha Letlatsa, 15 Januari 1995

Binti wa dada yangu,

Umeniponza.

Kalenda iko dukani. Iko zahanati, juu ya mizani ya watoto. Iko kituo cha polisi, iko kanisani, mahali ambapo mimi mwenyewe sipo. Nikienda kununua chumvi najikuta nimefika kabla yangu.

Ila sasa kuna neno la blanketi. Katika picha yako nimelifunga bega la kushoto. Mwanamume mzima, Mosotho, pini begani kushoto badala ya kulia, tena mbele ya nchi nzima. Lekena, yule wa kilabu cha pombe ya mtama, ndiye aliyeona kwanza. Akaniuliza taratibu, kwa heshima kama anayesema na baba yake, "Ntate Phakiso, siku ile ulivaa mwenyewe au ulivalishwa na maadui?" Tangu hapo kila nikiingia kilabuni anahamisha pini yake kwenda kushoto, kwa heshima yangu anasema, na wenzake wote wanahamisha. Watu ishirini, Keneuoe. Nimekaa katikati yao kama bwana harusi wa vichaa.

Nimewaambia siku ile nililewa furaha, hata suruali sina hakika kama niliivaa mbele mbele. Mathabang anabisha. Anasema pini aliifunga yeye kwa mkono wake, bega la kulia, kama kila siku. Nimemwambia anyamaze, picha imeshasema.

Picha yenyewe ni nzuri. Mama yako marehemu angeibusu. Farasi ametoka vizuri sana, hasa miguu.

Mjomba wako,
Phakiso

*

Roma, 11 Februari 1995

Mjomba,

Nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama penye maneno yale mawili ya mwisho, "hasa miguu". Sijui kwa nini. Huenda ni tabia mbaya ya kazi yangu ya kufundisha fasihi: nimezoea kuchimba hata pale ambapo mtu amezungumza tu.

Kuhusu blanketi, naamini Mama Mathabang ana kumbukumbu nzuri, na nakuomba usimnyamazishe. Kamera ina namna yake ya kuona mambo, na si kila ionacho ni kosa la anayeonwa. Waambie hivyo kilabuni. Au usiwaambie; najua wataongeza dhihaka.

Nina habari. Kwa sababu ya picha ile nimepewa nafasi ya mwaka mzima katika chuo kimoja cha upigaji picha huko Dakar. Naondoka wiki ya kwanza ya Machi. Wanasema huko pia kuna mbio za farasi kila Jumapili katika majira yake, na wenye farasi wana majivuno yasiyopungua yako. Nitawachunguza kwa niaba yako.

Nilitaka kuja kuaga. Nimejiambia ni barabara inayonizuia. Si hakika kwamba ni barabara peke yake.

Mpwa wako akupendaye,
Keneuoe

*

Ha Letlatsa, 9 Aprili 1995

Keneuoe,

Anwani yako ya Dakar nimeipata. Hongera. Kula vizuri, usikonde, watasema kwetu hakuna chakula.

Hapa hakuna jipya. Khanyapa yuko malisho ya juu, anapumzika. Mbio za Pasaka hatuendi mwaka huu. Usiwe na wasiwasi na usiandike kwa watu wengine kuuliza habari, stempu ni ghali.

Phakiso

*

Zahanati ya Ha Letlatsa, 18 Aprili 1995

Mwanangu Keneuoe,

Ninayesema ni mimi, Mathabang, mke wa mjomba wako. Anayeandika ni nesi, na ameapa hatamwambia mtu.

Mjomba wako amekuandikia kwamba farasi yuko malishoni. Si kweli. Khanyapa aliibwa tarehe tisa Machi. Phakiso alifuata nyayo siku sita, kwa miguu, hadi ng'ambo ya mto Senqunyane, na akamkuta kwa mtu anayeitwa Sekhobe. Si mwizi, huyo Sekhobe. Alimnunua kwa watu waliopita njia, kwa ng'ombe wanne, na alikuwa anampangusa kwa kitambaa Phakiso alipofika. Kila mmoja alishika upande wake wa hatamu hadi polisi wakaja. Sasa farasi amefungwa kwa chifu, na shauri limesikilizwa mara moja.

Hatuna chapa, unajua mwenyewe kichwa cha mjomba wako. Hatuna cheti, maana farasi hakuuzwa wala kununuliwa, alizaliwa nyumbani. Tulikuwa na mguu mweupe tu. Phakiso akasimama akasema farasi wangu ana mguu mweupe wa nyuma, wa kushoto, tazameni. Wakatazama, kweli. Basi Sekhobe akaomba kalenda iliyokuwa ukutani pale pale barazani. Akasema, farasi wa Phakiso nchi nzima inamjua, huyu hapa, na mguu wake mweupe ni wa kulia. Huyu wangu ni wa kushoto. Ni farasi wawili.

Watu waliomwona Khanyapa tangu akiwa na siku moja, mwanangu, wakaitazama kalenda, wakaanza kujikuna vichwa. Wengine wakasema, ni kweli, nadhani ulikuwa wa kulia.

Mimi huuosha mguu ule kila Jumamosi. Ni wa kushoto. Nikasimama kusema, Phakiso akanivuta nguo nikakaa. Chifu wetu, Mama Makopano, akamuuliza, "Ntate, unasemaje juu ya picha?" Mjomba wako alivua kofia. Akasema, "Picha ni ya mpwa wangu. Mimi siwezi kusimama mbele ya watu nikasema inadanganya." Basi. Akakaa.

Chifu ameahirisha hadi mwisho wa Juni, baada ya mavuno. Asipopata ushahidi mwingine atampa Sekhobe.

Phakiso hali chakula. Anaamka alfajiri anachota maji ya kisimani kwenye ndoo yangu, kisha anakumbuka, anayamwaga.

Mimi sikusoma. Wewe umesoma. Niambie picha inawezaje kuhamisha mguu.

Mathabang

*

Dakar, 14 Mei 1995

Mjomba wangu,

Usimgombeze Mama Mathabang. Aliniuliza swali ambalo nilipaswa kulijibu mwaka jana, kabla ya kuulizwa.

Picha haikuhamisha mguu. Niliuhamisha mimi. Picha huzaliwa kutoka kipande cha filamu, na filamu ni kitu chepesi unachoweza kuona kupitia pande zote mbili, kama dirisha. Ukiiweka kinyume mezani, kila kitu kinatoka upande usio wake: kushoto kunakuwa kulia. Kwa sababu sikukusikiliza nikasimama kando ya mto, picha yangu ilikuwa na farasi anayekimbilia mkono wa kushoto. Macho yetu sisi wasomaji yamezoea kutembea kutoka kushoto kwenda kulia, na kila nilipoitazama niliona ushindi unaorudi nyuma. Nikaigeuza filamu. Kazi ya sekunde tatu. Farasi akaanza kwenda mbele, nami nikafurahi.

Fomu ya shindano ilinitaka niweke sahihi kwamba picha haikubadilishwa kwa namna yoyote. Niliweka. Nilijiambia kwamba picha ni utungo na kwamba mlima hauna kulia wala kushoto. Hoja ile bado naiona ina ukweli ndani yake, na hilo ndilo linaloniogopesha, kwamba mtu anaweza kufanya kosa akiwa ameshika hoja nzuri mkononi. Hukuwahi kufunga blanketi begani kushoto. Ulichekwa miezi mitano kwa jambo nililolifanya mimi, nami nilijua, na nilikuandikia sentensi laini juu ya kamera na namna yake ya kuona.

Katika bahasha hii nimeweka filamu yenyewe na barua kwa Chifu Makopano inayosema yote haya kwa jina langu kamili. Aishike filamu mbele ya dirisha. Pembeni kuna tarakimu ndogo. Zikisomeka sawasawa, huo ndio upande wa kweli. Mtahadharishe mapema kwamba kwenye filamu vyeupe huonekana vyeusi na vyeusi vyeupe, wasije wakashtuka.

Nimewaandikia pia waandaaji wa shindano, na leo asubuhi nimemweleza mkuu wa chuo. Sijui watafanya nini. Usiniombee msamaha kwa mtu. Ungeweza kusema neno moja barazani ukarudi nyumbani na farasi wako, na hukulisema. Sijui nifanye nini na upendo wa namna hiyo isipokuwa kuulipia, hata kwa kuchelewa.

Keneuoe

*

Ha Letlatsa, 30 Juni 1995

Mpwa wangu, mgeuza milima,

Amerudi. Nakuandikia niko zizini, na anayeutafuna ukingo wa karatasi hii ni yeye. Mate haya ni yake.

Sasa sikiliza, maana hutasamehewa kwa kukosa siku ile.

Kabla ya kufungua bahasha yako, chifu alitaka kujaribu njia ya wazee. Tukasimama mimi huku, Sekhobe kule, farasi akaachiwa katikati, kila mtu amwite. Mimi nikapiga mluzi wangu. Sekhobe akaita kwa jina alilompa, jina la kanisani, sitaliandika. Khanyapa akatutazama wote wawili, akaenda moja kwa moja kwa karani wa baraza, akamvua kofia yake ya majani akaanza kuila. Chifu akasema farasi hana ushahidi, ana tumbo.

Basi nesi akasoma barua yako kwa sauti, yote. Halafu chifu akachukua kile kipande akakisimamisha dirishani, wazee wakajipanga nyuma yake kama wanaopokea mkate kanisani. Nesi akatafuta zile tarakimu hadi zikasomeka. Nilisahau kuwatahadharisha kama ulivyosema. Sekhobe akachungulia, akasema, "Huyu ni farasi mweupe mwenye mguu mweusi. Sasa tuna farasi watatu." Hata mimi nilicheka, na siku ile sikuwa na kicheko cha kutoa.

Mzee mmoja akauliza swali la maana. Tarakimu ni za wazungu waliotengeneza filamu, tutajuaje kama nazo hazikugeuzwa? Nikaona farasi anaondoka tena. Chifu akamwita Lekena.

Akamuuliza, "Wewe ndiye unayemcheka Phakiso kwa blanketi tangu Januari?" Lekena akasema ni yeye, na anaomba radhi. "Sijakuuliza radhi. Umemjua miaka mingapi?" Arobaini. "Nje ya kalenda, umewahi kuona pini yake begani kushoto?" Hajawahi. "Hata akilewa?" Hata akilewa. "Hata siku ile alipoanguka mtoni na tandiko?" Lekena akawaza kwa uaminifu kabisa, nilimwona anawaza, akasema, "Hata mtoni, Mama. Alitoka na samaki kwenye buti, lakini pini ilikuwa kulia."

Chifu akarudi dirishani. Upande wa tarakimu, pini bega la kulia, mguu wa kushoto. Upande wa pili, pini kushoto, mguu wa kulia. Akasema, "Mguu wa farasi mnaweza kuusahau, na mmeusahau, aibu yenu. Bega la Phakiso mmelicheka nusu mwaka, hamwezi kusema hamlijui." Akanikabidhi hatamu.

Sekhobe alilia. Sikufurahi kama nilivyodhani nitafurahi. Mtu yule alimlisha Khanyapa vizuri, mbavu hazionekani, na kwato alikuwa ameziparua kwa mkono wa fundi. Nimemwambia majike yake mawili ya farasi yaje kwangu mwezi wa tisa, Khanyapa atayazalisha bila malipo. Akauliza, na watoto wakizaliwa na mguu mweupe? Nikamwambia awapige chapa siku hiyo hiyo.

Mimi pia nimempiga Khanyapa chapa. Juzi. Nilifumba macho mimi, yeye hakufumba.

Phakiso

*

Roma, 5 Agosti 1995

Mjomba,

Niko nyumbani, kama unavyoona juu ya karatasi. Zawadi nimeirudisha, na nafasi ya Dakar amepewa mtu aliyekuwa wa pili. Walikuwa wapole, jambo lililofanya iwe vigumu zaidi. Mkuu wa chuo aliniambia kwamba wengi hugeuza na hakuna anayejua. Nilimjibu kwamba kwetu yuko mtu ambaye angejua. Tangu niliposema hivyo swali moja haliniachi.

Wakati fulani nilidhani nilikiri kwa sababu ya ukweli. Sasa nadhani huenda nilikiri kwa sababu sikuweza kuvumilia kupendwa kuliko nilivyostahili. Labda yote mawili; sijui kuyatenganisha.

Nakutumia picha ileile, nimeisafisha upya kutoka kwenye filamu uliyonirudishia, upande wake wa kweli. Farasi anakwenda kushoto. Nimeitazama jioni nzima na sioni tena kwamba anarudi nyuma.

Niambie, Mjomba. Ulijua lini?

Keneuoe

*

Ha Letlatsa, 19 Agosti 1995

Binti wa dada yangu,

Nilijua kabla sijamaliza kuikunjua. Kalenda nilianza kuifungua kutoka chini, basi miguu ndiyo niliyoiona kwanza. Nikamwambia Mathabang huyu si Khanyapa. Nikafungua zaidi nikajiona juu yake. Hapo nikajua mmoja wetu amegeuzwa, na mimi sikuwa nimekunywa.

Namna ulivyofanya sikuijua. Nilijua tu kwamba ni wewe, na kwamba kama ungetaka niseme ungeniambia. Ndiyo maana nikakuandikia lile neno la miguu. Nilikufungulia mlango. Hukuingia, nikauacha wazi.

Hujauliza kwa nini sikusema barazani, lakini nitakujibu. Farasi akipotea huacha samadi njiani, unaweza kumfuata siku sita. Jina la mtu likipotea haliachi samadi. Hiyo tu. Na usifikiri sikuumia. Nililaani vitabu vyako vyote, kimoja kimoja, hata nisivyovijua.

Picha mpya nimeitundika. Khanyapa wa kalenda yuko upande huu anakwenda kulia, wako wa kweli yuko upande ule anakwenda kushoto, na katikati nimerudisha picha ya harusi, kwa amri. Mathabang anasema sasa farasi wote wawili wanamkimbilia yeye. Ananisemesha vizuri sana siku hizi.

Mbio za Lithakong mwaka huu zimesogezwa hadi Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao. Njoo na kamera. Utalala jikoni, kama farasi hajakutangulia. Simama unapotaka, juu au chini, mtoni, penye jua lako, sitakutukana. Lakini lile jambo la mwaka jana, mwanangu, nimeliwaza sana na bado linanichekesha na kuniuma. Mbio zilikuwa zimekwisha. Nilikuwa napita tu kwa raha zangu, huku naimba. Ulikuwa umbali wa kutupa jiwe. Ungepaza sauti, ukasema Mjomba, pita ukielekea upande wa pili.

Ningegeuza farasi.

Phakiso